Mkono Unaojua Kunyima Maji

Ukipita barabara kuu kutoka Mombo kwenda Same mwezi wa Septemba au Oktoba, milima ya Usambara na kisha ya Upare inafuatana nawe mkono wa kulia, vilele vikiwa na ukungu, ilhali bondeni nyika imekauka hadi miti yote imekuwa ya rangi moja. Migunga imepukutisha majani, nyasi zimelala, na mbuzi wanasimama kwa miguu miwili kutafuta chochote kilichosalia juu. Hapo ndipo jicho hunaswa na kichaka kimoja juu ya mwamba. Hakina jani hata moja, na kila ncha ya tawi lake ina shada la maua ya rangi ya waridi, yaliyokoza pembeni na kufifia kuelekea kooni. Masika yalikwisha tangu Mei, na vuli bado haijaanza. Kichaka hicho kinachanua kwa maji kiliyoyaweka miezi mingi iliyopita.

Ni waridi la jangwani, ambalo baadhi ya watu wa pwani hulijua kwa jina la mdagu, na wauza maua wa mijini huliita adeniamu. Halina undugu na waridi la bustanini. Ndugu yake wa karibu ni oleanda, na kama yeye, lina utomvu wenye sumu. Kwao ni ukanda mrefu mkavu unaoanza Senegal, unaopita kusini mwa Sahara hadi Ethiopia na Somalia, unaoshuka Kenya na Tanzania, kisha unavuka maji hadi Yemen, Oman na Saudi Arabia. Mtaalamu wa kwanza kuliandika kisayansi aliliona Yemen. Huyo ni Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyeondoka Ulaya mwaka 1761 na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark. Alikusanya mimea, akaipa majina na kuieleza, kisha akafa kwa malaria mjini Yarim mwezi Julai 1763, akiwa na miaka 31. Carsten Niebuhr, mtu pekee wa msafara ule aliyerudi nyumbani hai, ndiye aliyechapisha kazi ya mwenzake mwaka 1775. Jina la Adenium lilikuja mwaka 1819, likitokana na mji wa Aden. Majahazi ya Aden na Hadhramaut yalikuwa yameizoea pwani yetu karne nyingi kabla ya hapo, na mmea wenyewe ulikuwa tayari pande zote mbili za bahari.

Kwa hiyo hunishangaza kila ninapotazama kilichopandwa majumbani mwetu. Bogenvilia asili yake ni Amerika ya Kusini, mjakaranda vilevile, na mbele ya nyumba nyingi mpya kuna kapeti ya nyasi inayonyeshewa kwa mpira kila jioni katika mitaa ambayo ina mgao wa maji. Sina ugomvi na bogenvilia, ambayo inavumilia jua na inapendeza. Lakini tuna kichaka chetu kinachochanua wakati ambao kila kitu kingine kimekata tamaa, na tumewaachia watu wa Thailand na Taiwan wawe mabingwa wa kukilea.

Nadhani sababu mojawapo ni kwamba kukilea kunataka tabia ambayo bustani nyingine hazitufundishi. Mchicha unataka mkono mkarimu. Mgomba hukushukuru kwa kila ndoo. Waridi la jangwani linataka mtu anayejua kunyima, na anayejua ni lini asinyime, na ustadi wote uko kwenye kupambanua hayo mawili. Niliuona ustadi huo katika kitalu kimoja kidogo nje kidogo ya mji wa Same, cha mama aliyeanza kwa kuotesha miche ya miembe na mipapai, akabaki na adeniamu kwa sababu anaipenda. Kitalu chenyewe hakina cha kujionyesha: kivuli cha makuti upande mmoja, mbao zilizoinuliwa juu ya matofali, na viriba vyeusi kwa mistari. Uzuri uko kwenye namna anavyofanya kazi.

Kwanza mbegu. Ua likishika, hutokea maganda mawili yaliyounganika chini na kutanuka juu kwa umbo la pembe za ng'ombe. Huchukua miezi miwili mitatu kukomaa, yakibadilika kutoka kijani hadi kahawia, na siku yakipasuka hayangoji mtu. Kila mbegu ni kijiti chembamba cha kahawia chenye kishada cha nywele laini kila ncha. Upepo ukiikamata huiinua, na ikianguka huiviringisha chini mpaka ikwame kwenye ufa wa mwamba, ambako ndiko hasa inakotaka kufika. Mama huyu hupita kila asubuhi akiyapapasa maganda kwa vidole viwili. Ganda likianza kupoteza ugumu na mstari wa mpasuko kuonekana, hulifunga kwa uzi wa gunia, kwa mizunguko iliyoachana, ili lipasuke bila kumwaga. Halifungi mapema, kwa kuwa uzi uliokaa muda mrefu hukata ganda changa linapoendelea kunenepa. Nilimwona akilifungua moja lililoiva: alizitoa mbegu kwa mstari mmoja uliopangika, nywele zikiwa bado zimebanana na zina unyevu kidogo, akazilaza kwenye sinia chini ya kivuli mpaka zikafunguka.

Huzipanda zikiwa mbichi, ndani ya wiki chache. Mbegu iliyokaa kabatini mwaka mzima inaweza kuota, lakini nyingi hazitaota. Hulazwa ubavu juu ya udongo, hufunikwa kwa mchanga kidogo tu kiasi cha kuzificha nywele, na kwenye joto la huko, siku ya nne au ya tano kichwa kinene cha kijani kinatokeza. Hata siku hiyo ya kwanza unaiona tabia ya mmea: shina la mche ni fupi na limevimba tayari, kabla halijawa na jani la kweli.

Udongo wake ndio jambo linalowashangaza wateja, maana haufanani na udongo. Una mchanga wa mtoni wa chenga kubwa, uliooshwa mpaka maji yake yakatoka safi. Changarawe nyeusi za volkano, zile nyepesi zenye vitundu, zinazoletwa kutoka upande wa Moshi na Arusha. Chenga za mkaa. Na samadi ya mbuzi iliyooza hadi imepoteza harufu, isiyozidi robo ya mchanganyiko. Udongo wa mfinyanzi haugusi kabisa. Ukimwaga maji juu ya kiriba chake, unayasikia yakitoka chini kabla hujamaliza kumimina. Mteja aliyezoea udongo mweusi wa bustani huona kama anauziwa kokoto. Lakini fikiria mmea unaoota penye mwamba, ambako mvua ikinyesha saa moja inateremka yote na kuacha mizizi ikiwa imelowa na ikipata hewa papo hapo. Mchanganyiko ule ni mwamba wa Same uliotiwa kwenye mfuko.

Sasa maji, na hapa ndipo nilipomtazama kwa muda mrefu kuliko kwingine.

Jambo la kwanza ni kwamba mche mchanga haunyimwi. Watu wakisikia ni mmea wa jangwani, huupanda na kuusahau, kisha wanakuta umenyauka ukiwa na urefu wa kidole. Mche wa miezi miwili hauna akiba. Shina lake lililovimba linatosha kwa siku chache tu, kwa hiyo mama huyu huinyeshea miche midogo mara kwa mara, chini ya kivuli chepesi, na huiingiza kwenye jua hatua kwa hatua. Kunyima huja na umri. Mmea unavyonenepa, ndivyo muda kati ya maji na maji unavyorefushwa, na ndivyo unavyojifunza kutanua shina.

Jambo la pili ni kwamba akinyeshea, ananyeshea kwelikweli. Hamimini kikombe. Anamwaga mpaka maji yatoke chini kwa wingi, yaoshe chumvi zilizobaki, halafu anaacha. Kujua wakati wa kurudi, ana kijiti cha mwanzi alichokichonga kuwa chembamba. Hukichomeka kando ya kiriba mpaka chini kabisa, hukiacha kidogo, hukichomoa na kukitazama. Kikitoka na chembe za udongo zilizoshika, anapita. Kikitoka safi na kikavu, ndipo anaangalia mmea wenyewe. Juu panaweza kuwa vumbi tupu huku chini kukiwa na unyevu wa kuozesha mzizi, na mtu anayemwagilia kwa kutazama juu huua bila kujua.

Jambo la tatu ni kidole gumba. Aliniita kwenye mimea miwili iliyowekwa kando.

"Bonyeza huu, halafu bonyeza na ule, uniambie."

Yote miwili ilikuwa imelegea. Nilimwambia yote miwili ina kiu, nalo ndilo jibu ambalo mtu yeyote angelitoa.

"Rudia, mwanangu. Bonyeza kuanzia chini, uzunguke."

Wa kwanza ulilegea sawasawa pande zote. Ngozi yake ya kijivu ilikuwa na mikunjo midogo, na nilipoondoa kidole ilirudi polepole mahali pake. Huo una kiu kweli, na kwa viwango vyake bado haujafika pabaya. Unaweza kukaa hivyo majuma kadhaa. Wa pili ulikuwa mgumu juu na kati, lakini chini, upande mmoja, karibu na udongo, kidole kilizama na hakikurudishwa. Palikuwa na joto kidogo la uozo na harufu ya kitu kilichochacha. Ule ulikuwa umekunywa kupita kiasi. Mtu asiyejua angeiona dalili moja, majani kulegea na shina kulainika, akaimwagilia yote miwili, na wa pili ungekuwa umekufa kufikia Jumapili.

Aliutibu mbele yangu. Aliuchomoa, akatikisa udongo wote, akachukua kisu alichokipitisha kwenye moto, akakata sehemu laini. Kisha akaendelea kukata, vipande vyembamba, mpaka kidonda kikawa cheupe kote bila doa la kahawia hata dogo. Doa moja likibaki, alisema, kazi yote ni bure. Alipaka majivu makavu ya jikoni, akauweka juu ya rafu kivulini ukiwa umelala ubavu, mizizi hewani. Utakaa hapo wiki mbili, labda zaidi, bila udongo na bila tone la maji. Kwa mmea mwingine wowote hiyo ingekuwa hukumu ya kifo. Kwa waridi la jangwani ni muda wa kufunga kidonda, na akiba iliyo ndani yake inalipia gharama.

Juni mpaka Agosti, baridi ya kipupwe ikishuka kutoka milimani, majani huanza kuwa ya njano na kuanguka. Wateja wapya hupiga simu kwa hofu. Hapo ndipo anaponyima zaidi, karibu aache kabisa, kwa kuwa mmea usio na majani hauna njia ya kuyatumia maji, na yaliyobaki chini hukaa yakiozesha mizizi. Kisha jua linarudi, matumba yanatokeza kwenye ncha zilizo tupu, na huwaambia wateja wale wale watazame.

Tumbo la mmea, kama wanavyoliita watunzaji, ndilo wanunuzi wengi wanalolifuata kuliko hata maua. Tumbo zuri hutoka kwenye mbegu. Tawi likikatwa na kuchomekwa udongoni hushika na kuchanua haraka, lakini shina lake hubaki jembamba kwa miaka, na likivimba baadaye huvimba bila mpango. Ukianza na mbegu, una kazi ya subira. Takriban kila mwaka, joto likianza kupanda, mama huyu huchomoa mmea, huosha mizizi kwenye ndoo, huitazama kwa muda, kisha hukata ile midogo inayochomoza chini na kuiacha minene inayokwenda pembeni. Anaiacha ikauke siku kadhaa. Anapoirudisha, huiweka juu kidogo kuliko ilivyokuwa, labda sentimita mbili, ili bega la mzizi lililokuwa limezikwa lione jua. Mwaka unaofuata, sentimita nyingine mbili. Sehemu iliyotoka ardhini hubadilika rangi kutoka nyeupe ya kiazi hadi kijivu, hushika ngozi ngumu na kuwa sehemu ya shina. Ndivyo inavyopatikana ile mizizi mikubwa iliyojisokota juu ya udongo, ambayo mtu hudhani imeota yenyewe hivyo.

Kuna kitu kingine anachokifanya ambacho nilikipenda sana. Chini ya mizizi ya mmea mchanga, ndani ya kiriba, huweka kipande bapa cha kigae kilichovunjika. Mzizi mkuu ukishuka hukuta ukuta, hugeuka, na mizizi yote hulazimika kutanuka kuelekea pande zote. Anaipanga kwa vidole juu ya kigae, mmoja mmoja, akiangalia isipishane, kisha anamimina udongo huku akigonga kiriba taratibu ili changarawe ziingie kila nafasi. Kazi hiyo kwa mche mmoja humchukua muda ambao mwenye kitalu cha haraka angejaza viriba ishirini. Matokeo yake hayaonekani mpaka miaka mitatu minne baadaye, mara nyingi kwenye uwanja wa mtu mwingine ambaye hatajua kwa nini mmea wake umekaa vizuri hivyo.

Kukata matawi ni kazi fupi. Hukata kwa mshazari juu ya jicho linalotazama nje, mwanzoni mwa joto, na kila tawi lililokatwa hutoa mawili au matatu, na kwa kuwa maua hutokea nchani, ncha zikiongezeka maua yanaongezeka. Utomvu unaotoka ndio wa kuheshimu. Una kemikali zinazoshambulia mapigo ya moyo, na Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi wameutumia kutengeneza sumu ya mishale ya kuwindia. Mama huyu huvaa glovu, hakati mbele ya watoto, huosha kisu na mikono kwa sabuni, na vipande alivyokata hawalishi mbuzi wala haviachi njiani. Mwenye watoto wanaotambaa na kutia kila kitu mdomoni, yeye mwenyewe humshauri asubiri miaka michache, au aweke mmea juu ya ukuta wasikofika.

Ua lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Lina koo refu, na ndani ya koo kuna pia ndogo iliyoundwa na chavulio tano zilizoegemeana ncha kwa ncha, kila moja ikitoa mkia mwembamba wenye manyoya unaochungulia nje. Chavua iko ndani ya pia hiyo, na mdudu anayetaka asali hana budi kupenyeza ulimi wake kwenye nafasi nyembamba kati ya chavulio. Ndiyo maana mimea mingi ya mjini huchanua kila mwaka bila kutoa ganda hata moja: mdudu mwenye ulimi wa kufaa hayupo. Mama huyu huchukua njiti moja ya ufagio wa chelewa, aliyoinoa kwa wembe mpaka ikawa nyembamba kama unywele, hupasua upande mmoja wa koo la ua, na huipenyeza kwenye ufa mpaka itoke na chembe za njano nchani. Kisha anahamia mmea mwingine, kwa kuwa chavua ya mmea ule ule kwa kawaida haishiki. Hufanya hivyo asubuhi, upepo ukiwa umetulia, akishikilia pumzi bila kujijua. Maua mengi anayoyagusa hayashiki. Yakishika mawili matatu, anaridhika, kwa kuwa pembe moja tu iliyokomaa hutoa mbegu nyingi.

Huko Asia wamekwenda mbali. Watunzaji wa Taiwan na Thailand wamezalisha maua mekundu kama damu, meupe, ya zambarau inayokaribia weusi, na yenye petali zilizorundikana tabaka mbili tatu, na huyasambaza kwa kubebesha: kikonyo cha aina nzuri huchongwa na kuunganishwa kwenye shina la mche wa mbegu, hufungwa kwa nailoni na kufunikwa mpaka vishikane. Hiyo nayo ni kazi ya mkono safi na jicho kali, naiheshimu. Hata hivyo, nikiulizwa nipande nini mbele ya nyumba, nitasema lile waridi la kawaida la nyika yetu, lenye petali tano. Ua lililorundikana petali hulemewa na mvua, hufunguka kwa shida, na koo lake limezibika hata mdudu hana pa kuingilia. Ua la nyika limekwisha kupimwa na ukame wa hapa kwa muda mrefu kuliko mzalishaji yeyote angeweza kulipima.

Wadudu si wengi, utomvu unawazuia. Vidukari vya rangi ya njano iliyokoza hujazana kwenye matumba, na huondoka kwa maji ya sabuni yanayopulizwa jioni. Kidung'ata hujificha kwenye makwapa ya majani, na hufutwa kwa pamba yenye spiriti. Mgeni wa kuvutia ni kiwavi mkubwa wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu yanayofanana na macho, mtoto wa nondo wa oleanda, ambaye anaweza kula majani haya yenye sumu bila kudhurika. Mmoja anaweza kuuacha mmea mdogo mtupu kwa siku chache. Mama huyu huwaokota kwa mkono na kuwapeleka kwenye oleanda iliyoota karibu na uzio, ambayo ameiacha kwa ajili hiyo hiyo.

Sasa mtu anayetaka kuupanda nyumbani kwake, hasa mahali penye mvua zaidi ya Same. Dar es Salaam hupata karibu mara mbili ya mvua ya Same, na Zanzibar zaidi ya hapo, lakini mmea unastawi kote huko ukiinuliwa. Rundika tuta la mawe, changarawe na mchanga mnene, lenye kimo cha kufika gotini, na panda juu yake, bega la mzizi likiwa nje. Tafuta mahali panapopata jua angalau saa sita, mbali na bomba la paa na mbali na nyasi zinazomwagiliwa. Usitie majani makavu juu yake kama matandazo, tia kokoto. Mishubiri na mkonge pori wa majani ya madoa ni majirani wazuri kwa kuwa wanataka kile kile, na mawe yenyewe ni sehemu ya pambo. Kwa aliyeko Nairobi, Julai ndiyo mtihani: panda kwenye chungu, kisogeze chini ya baraza penye jua, na usikipe maji mpaka baridi ipite. Chini ya nyuzi 10 mmea huumia, na baridi ikikutana na udongo uliolowa huua.

Jambo moja linaniudhi na sitalipita. Kando ya barabara nyingi za mikoa kavu, Tanzania na Kenya, utakuta mawaridi ya jangwani makubwa, matumbo yake yana unene wa mapipa madogo, yamelala kwenye vumbi na mizizi iliyokatwa kwa panga, yakiuzwa. Yamechimbwa nyikani. Mmea wa ukubwa huo umekaa miongo kwenye mwamba wake, na sehemu kubwa ya mizizi yake imebaki chini. Mnunuzi huufikisha nyumbani, huuzika kwenye udongo mzito, humwagilia kwa huruma, na baada ya miezi michache unazama ukiwa umeoza ndani. Mlima umepoteza mzaa mbegu, na mwenye uwanja hana kitu. Mama wa Same huletewa mimea hiyo mara kwa mara na vijana wenye pikipiki. Hanunui. Huwapa mbegu, na wawili kati yao sasa wana viriba vyao wenyewe.

Anapouza, hauzi kwa pupa. Mteja mmoja kutoka Dar es Salaam alichagua mmea mzuri wenye tumbo lililotanuka kama mguu wa tembo, akatoa pesa, na mama akazishika bila kuzihesabu. Alimuuliza anaishi ghorofani au chini, uwanja unatazama wapi, chungu kina mashimo mangapi. Mteja alikuwa na chungu cha kauri chenye shimo moja dogo. Akaambiwa atafute fundi wa kukiongezea mengine matatu. Kisha swali lililoonekana kumhusu mama kuliko yote: nani anamwagilia bustani pale nyumbani? Mteja akasema ni kijana wa kazi, kila asubuhi, kwa mpira. Mama akamwomba ampigie. Alizungumza na kijana huyo kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza na mwenye pesa, kuhusu kijiti cha mwanzi na namna ya kukichonga, kuhusu kubonyeza kuanzia chini kwa kuzunguka, na kuhusu wiki mbili za kwanza ambazo hatakiwi kuupa hata kikombe. Akamfanya arudie yote kwa simu, tangu mwanzo, ndipo akahesabu pesa.